Shairi Lisilojibiwa: Mombasa na Watunzi Wake wa Ridhaa

Kila panapozungumzwa habari za ushairi mjini Mombasa, awe anayezungumza ni mwalimu, mtangazaji wa redio au mzee aliyejikalia barazani, hazipiti dakika kumi kabla hujalisikia lile lalamiko ambalo sasa limekuwa kama kiitikio: kwamba washairi wamekwisha, kwamba waliokuwa washairi wa kweli wamezikwa na elimu yao, na kwamba waliobaki ni vijana wa kupiga kelele mbele ya maikrofoni. Nimelisikia lalamiko hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa muda mrefu nililiamini. Siku hizi siliamini tena. Mimi ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha, nakaa Likoni, kusini ya kivuko cha feri, na hutunga mashairi kwa ridhaa yangu, bila malipo na bila kuombwa na mtu. Na katika afisi yetu, ambayo haina watu zaidi ya kumi na wawili, nimewagundua wengine wawili wenye madaftari yao ya siri. Dereva mmoja wa tuktuk aliyenipeleka Kizingo alinighania utenzi mzima kuhusu bei ya petroli kabla hatujafika. Watunzi wapo tele. Waliopungua ni watu wa kuwajibu, na upungufu huo, kwa maoni yangu, ndio unaoiondolea kazi ya mtunzi wa ridhaa utamu wake, kuliko uhaba wa vitabu, majukwaa na pesa ambao kwa kawaida ndio hutwishwa lawama.

Tuanze na yule ambaye kila mshairi wa Mvita, yaani Mombasa, apende asipende, hupimwa kwake. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy aliishi takriban kati ya mwaka 1776 na 1840, wakati Mombasa ilipokuwa chini ya utawala wa Mazrui na ikivutana na Lamu na hatimaye na Seyyid Said, sultani wa Omani na Unguja. Wataalamu humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuuingiza sokoni, na maneno hayo hurudiwa mara nyingi kana kwamba yamejieleza yenyewe. Huwa yanachukuliwa kumaanisha kwamba Muyaka alibadilisha mada, kwamba aliacha mawaidha na maisha ya mitume akaimba vita, mapenzi na dhiki za nyumbani. Ni kweli, lakini naona kuna jambo jingine ndani yake. Sokoni ni mahali ambapo ukisema neno utajibiwa, na ukitaja bei utatajiwa nyingine. Beti alizowatungia watu wa Lamu zilijibiwa kwa beti kutoka Lamu, naye akarudi tena, na hata leo msomaji anayekutana na baadhi ya mashairi yake bila ya yale yaliyokuwa yakijibizana nayo huhisi kwamba anasikiliza upande mmoja wa mazungumzo ya watu wawili.

Na tazama jinsi mashairi hayo yalivyotufikia. Mwishoni mwa karne ya 19, miaka mingi baada ya Muyaka kufariki, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaeleza akishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, na diwani yenyewe haikuchapishwa mpaka mwaka 1940. Kwa miongo kadhaa, basi, sehemu kubwa ya kazi ya mshairi mkuu wa mji huu ilihifadhiwa katika vichwa na vinywa vya watu waliokuwa na shughuli zao nyingine kabisa. Waliyahifadhi kwa kuwa walikuwa wakiyatumia: kumchokoza jirani, kumjibu mpinzani, kumaliza hoja. Mtu hakariri kwa miaka hamsini kitu ambacho alikipigia makofi mara moja tu kisha akaenda zake.

Nilijifunza maana ya kujibiwa nikiwa mtu mzima tayari, mtaani Kibokoni, kwenye baraza moja ya Mji wa Kale ambapo baada ya sala ya Isha mwuza kahawa hutua dele lake, na wazee huketi na vikombe vile vidogo visivyo na mkono wakitafuna kashata. Mmoja wao alikuwa fundi wa kuchonga milango kabla macho hayajamlegea. Nilikuwa nimetunga ubeti asubuhi ya siku hiyo nikiwa kwenye foleni ya feri, nyuma ya nakala ya hati za mzigo, na kwa kuwa nilijiona nimetunga, nikamsomea:

Nimesimama Likoni, kivuko nakingojea,
Watu wengi foleni, jua lawaelemea,
Ng'ambo i hapa usoni, kwa macho naitembea,
Mkubwa yu afisini, kalamu aniwekea.

Alikuwa akisikiliza huku akigonga ubao wa baraza kwa ncha ya kidole, mara moja kwa kila mizani, yaani kila silabi. Nilipofika mwisho hakusema kuwa ni zuri wala baya. Alisema, "Mwanangu, rudia wa pili." Nikarudia. Kidole kikagonga mara saba, kikasimama hewani. "Umepungukiwa mizani moja kwenye ukwapi. Ubao ukipungua huoni mpaka ufunge mlango." Ukwapi ni nusu ya kwanza ya mshororo. Nikamwambia, "Ni kweli, Ami, nitautia neno." Nilikuwa nikifikiria kuongeza kijineno chochote cha kujazia nafasi, kama tufanyavyo wengi. Lakini yeye alikuwa na swali: "Na hawa watu wengi ni akina nani? Wewe ulikuwa wapi?" Nikasema nilikuwa foleni. "Basi mbona jua lawaelemea wao tu?"

Nilikaa kimya kidogo, kisha nikaupanga upya mshororo: "Tu wengi humu foleni, jua latuelemea." Kidole kikagonga mara kumi na sita, akarudia kunywa kahawa yake. Sijawahi kupata tahakiki bora zaidi ya ile, na haikuchukua dakika tatu. Mizani moja iliyopotea ndiyo iliyofichua kwamba nilikuwa nimejiweka kando ya watu ninaowaelezea, nikiwatazama kama mtalii anayewatazama wavuvi. Ndiyo sababu siafikiani na wanaoziona sheria za arudhi kuwa ni ukarani tu, wa kuhesabu silabi kama mtu anayehesabu makontena. Mimi ni karani na naujua ukarani ulivyo. Hesabu ya mizani, ikifanywa na msikilizaji makini, ni namna ya kuuliza maswali ambayo mtunzi hakuthubutu kujiuliza mwenyewe.

Baraza haikuishia hapo. Kijana mmoja aliyekuwepo aliunasa ubeti uliorekebishwa kwa simu, na siku mbili baadaye nikapokea sauti iliyorekodiwa ya mwalimu mmoja wa kike wa Kisauni, ng'ambo ya Daraja la Nyali, ambaye hatujawahi kuonana ana kwa ana mpaka leo, akighani kwa mahadhi ya polepole:

Walia nini Likoni, Nyali hujaitembea,
Nasi tuko darajani, foleni yatulemea,
Wewe upepo kinywani, sisi moshi twapokea,
Heri yako kivukoni, huku ungechechemea.

Nilicheka peke yangu ndani ya feri mpaka mama aliyekaa kando yangu akanitazama kwa wasiwasi. Alikuwa ameshika vina vyangu vyote viwili, -ni na -ea, bila kukosea hata kimoja. Alikuwa amelichukua neno langu "naitembea" na kulirudisha nyumbani kwangu likiwa na maana nyingine, kwani kila aliyewahi kukwama Daraja la Nyali saa za asubuhi anajua kwamba abiria huishia kushuka matatu na kuutafuta upande wa kisiwani kwa miguu. Na zaidi ya yote alikuwa amepinga hoja yangu. Nilidai kwamba sisi wa Likoni ndio wenye dhiki ya usafiri katika mji huu. Yeye alisema dhiki yangu ina upepo wa bahari ndani yake. Ubeti wangu ulikuwa umepata maisha ambayo nisingeweza kuupa mwenyewe, kwa sababu sasa ulikuwa nusu ya kitu, na nusu ya pili ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Hiyo ndiyo starehe ninayoizungumzia, na naona ni starehe ya aina yake, tofauti na ile ya kusifiwa. Sifa humaliza shairi. Mtu akikuambia "umetisha", huna la kufanya ila kushukuru. Jibu la vina hulifungua upya, tena hukulazimisha usome kwa makini kile ulichodhani unakijua, yaani maneno yako mwenyewe. Washairi wa Pwani walilijua jambo hili kiasi kwamba malumbano, yaani mashairi ya kujibizana, yalihesabiwa kuwa ni sehemu ya sanaa yenyewe, na mafumbo yalifungwa kwa makusudi ili apatikane wa kuyafumbua. Hata pale ambapo mshairi alinyimwa kila msikilizaji, tabia hii haikumtoka. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya karatasi ya kuikosoa serikali yenye kichwa "Kenya Twendapi?", na mashairi aliyoyaandika gerezani, mengine kwenye karatasi za chooni, yalitoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Miongoni mwake kuna lile la "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambalo ni majibizano ya ndugu wawili, Alii na Badi, wakigombania mnazi. Mtu aliyetengwa na wenziwe, asiye na mtu wa kumjibu, alibuni wajibizanaji wawili na kuwaacha wagombane. Huwa nikilisoma shairi hilo nawaza zaidi juu ya umbo lake kuliko juu ya siasa yake, ingawa najua kwamba wengi hulisoma kwa ajili ya siasa.

Wala kujibizana hakukubaki kwenye karatasi. Katika taarabu ya Mombasa mtunzi mara nyingi hakuwa mwimbaji. Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake ya Malenga wa Mvita ilichapishwa mwaka 1971, alimtungia nyimbo nyingi jamaa yake, mwimbaji Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Mtunzi angeweza kukaa nyuma kabisa ya ukumbi wa harusi, asijulikane na nusu ya waliohudhuria, na bado akajua kwa hakika kama ubeti wake umefika, kwa kumtazama bibi mmoja akiinuka taratibu kwenda kumtunza mwimbaji kwenye mshororo fulani, si ule uliotangulia wala unaofuata, huku akipitisha jicho kwa meza ya pili. Hapo shairi lilikuwa limejibiwa, na aliyelengwa amejua, na watu wa meza ya tatu wameanza kunong'ona. Leso nazo ni vivyo hivyo. Katika maduka ya Mtaa wa Biashara nimewaona wanawake wakikunjua leso kumi na mbili moja baada ya nyingine, wakisoma majina na kuyatupilia mbali, kwa kuwa maua wanayapenda lakini neno lililoandikwa halimtoshi mtu waliyemkusudia. Sijui kama kuna mhakiki wa ushairi mkali kuliko mwanamke anayetafuta jina la leso la kumjibu wifi yake. (Mke wangu alilisoma fungu hili kabla halijatoka, akasema kwamba sikupaswa kutaja wifi.)

Sasa tuje kwenye jukwaa. Sina ugomvi nalo, na ningekuwa mwongo kama ningesema kwamba mji huu haujali sanaa. Vijana wanakutana Swahilipot, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu. Ukumbi wa Little Theatre Club umelea waigizaji wengi. Alliance Française huandaa maonyesho. Nimehudhuria, nimefurahi, na nimesikia humo mashairi ambayo nisingeweza kuyatunga. Hata hivyo jukwaa lina mantiki yake, na mantiki hiyo haimtaki mjibu. Linamtaka mtazamaji. Wakati mmoja, katika ukumbi ambao sitautaja, nilipewa dakika tatu za kughani, na mwendeshaji alisimama pembeni akiwa ameinua simu yenye saa inayorudi nyuma. Katikati ya ubeti wa tatu maikrofoni ilikufa. Nikaendelea kwa sauti yangu ya kawaida, waliokuwa mbele wakasikia, waliokuwa nyuma wakaona midomo yangu tu, na nilipomaliza wote wakapiga makofi kwa nguvu ileile. Hata waliokuwa hawakusikia kitu. Nilipanda matatu kurudi feri nikiwa na makofi mengi na bila ya kujua kama shairi langu lilikuwa na kichwa au miguu.

Simu imeleta makofi ya aina nyingine, kile kidole gumba cha njano ambacho mtu anaweza kukituma akiwa anapika. Huwa najizuia kukidharau, kwa kuwa ni simu hiyohiyo iliyoniletea sauti ya mwalimu wa Kisauni. Chombo si kibaya. Lakini katika vidole gumba ishirini nilivyotumiwa kwa ubeti ule wa Likoni, aliyejibu kwa vina alikuwa mmoja.

Kwa nini watu wa kujibu wamepungua? Jibu jepesi ni kusema kwamba vijana hawajui arudhi, na jibu hilo si la kweli. Wanaijua kuliko sisi tulivyoijua. Mwanafunzi wa shule ya sekondari anayejiandaa kwa karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, anaweza kukutajia bahari za ushairi kama anayesoma orodha ya dukani: utenzi, tathlitha, tarbia, takhmisa, ukaraguni, mtiririko. Anafundishwa kulitambua umbo na kulieleza ili apate alama. Hafundishwi kulijibu. Binti wa dada yangu alinieleza kwa ufasaha mkubwa kwa nini shairi fulani ni ukaraguni, yaani vina vyake hubadilika kila ubeti, na nilipomwomba alijibu kwa ubeti mmoja tu, alinitazama kana kwamba nimemwomba apike mtihani. "Mjomba, hilo haliulizwi," akasema. Alikuwa na haki.

Sababu nyingine ni ya mawe na saruji. Baraza, lile benchi la jiwe lililoungana na ukuta wa nyumba, lilikuwa ndani na nje kwa wakati mmoja: mpita njia angeweza kuketi bila ya kualikwa, na mwenye nyumba angeweza kusikiliza bila ya kutoka. Familia nyingi zilizokuwa Kibokoni, Kuze na mitaa jirani zimehamia Kisauni, Bombolulu, Mtwapa na kwingineko kwenye bara, kwenye magorofa yenye lango la chuma na bawabu anayekuuliza unakwenda nyumba namba ngapi. Hakuna anayekwenda kusoma ubeti wake kwa bawabu, ingawa huenda bawabu ndiye angeujibu vizuri zaidi. Isitoshe, mji wenyewe ni kisiwa, na mtu anayeishi kusini ya kivuko hufikiria mara mbili kabla ya kukaa Mji wa Kale mpaka saa nne za usiku. Shairi langu la foleni lilikuwa, bila ya mimi kutambua, likieleza kwa nini mashairi hayakutani.

Kuna sababu ya tatu, nayo inaniuma zaidi. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika humu humu Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lugha ya Muyaka, kikabaki kuwa lahaja. Sitaki kuufufua ugomvi wa babu zetu. Sanifu imetufaa, na makala haya yameandikwa kwa sanifu. Ila katika ushairi uamuzi ule una matokeo ambayo hayajaisha. Niliwahi kutuma kwa mhariri mmoja shairi lenye kina cha mwisho cha -to, na katika mshororo mmoja nilimalizia kwa neno "mato", kama alivyokuwa akisema nyanya yangu na kama walivyoandika malenga wa Mvita tangu hapo. Lilipotoka, "mato" yalikuwa yamekuwa "macho", yamekaa katikati ya "moto" na "uzito" kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji, na jina langu liko chini yake. Mhariri alidhani amenisahihishia kosa. Kwa mtunzi mashuhuri neno kama hilo huitwa uhuru wa mshairi, na huwekewa maelezo chini ya ukurasa. Kwa mtunzi wa ridhaa huitwa makosa ya tahajia. Watu wanaoogopa kusahihishwa lugha ya mama yao hawajibu mashairi hadharani. Huyaweka daftarini.

Wapo watakaoniambia kwamba hoja yangu yote inaegemea vina, na kwamba mjadala wa ushairi huru, ule usiofuata vina na mizani, ulikwisha tangu miaka ya 1970, mshairi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974 na waliokuwa wakifuata sheria za kutunga mashairi zilizoelezwa na Amri Abedi mwaka 1954 wakapandwa na hasira. Sipendi kuurudia mjadala ule, ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa wa kuulizana nani ana haki ya kuitwa mshairi. Nitasema jambo moja tu. Vina na mizani vina faida ambayo watetezi wake wenyewe mara nyingi husahau kuitaja: ni mwaliko. Anayenipa -ni na -ea amenipa mlango wa kuingilia na ameniambia nitatokea wapi. Shairi huru, hata likiwa zuri kupita langu, huja limefunga milango yake, na msikilizaji hubaki akilistahi kutoka nje. Hata hivyo nimewahi kuona kinyume chake. Msichana mmoja alisoma shairi lisilo na kina hata kimoja kuhusu mama yake anayeuza viazi karai kando ya barabara, na yule fundi wa milango, ambaye ningeapa kwamba angelikemea, aliinamisha kichwa kwa muda kisha akamjibu kwa ubeti wa mizani nane nane, akilitumia lile neno moja ambalo msichana alikuwa amelirudia mara tatu, "mafuta", kama kibwagizo. Msichana akaandika. Kwa hiyo huenda nimekosea, na mlango upo hata pale nisipouona.

Wengine watasema kwamba kujibizana kuna madhara yake, na hao nawakubalia bila ya kusita. Kejeli za malumbano zimevunja urafiki wa watu. Mimi mwenyewe niliwahi kumjibu mtunzi mwenzangu kwa ubeti uliomgusa mahali pasipostahili, kwa sababu tu kina cha -nda kilinipeleka huko na nikaona ni dhambi kuacha neno tamu namna ile. Ikabidi niende nyumbani kwake na kilo mbili za haluwa. Makofi hayana hatari kama hiyo. Lakini mtu aliyenikasirikia kwa ajili ya mshororo wa tatu angalau alifika kwenye mshororo wa tatu.

Kuna swali ambalo wenzangu wa ridhaa huniuliza, la kama tunapaswa kuchapisha, na hapa huwa nawaudhi. Kuchapisha diwani kwa pesa zako, kuwagawia jamaa nakala hamsini na kuziweka zilizobaki chini ya kitanda, si jambo baya, ila naona limechukua nafasi kubwa mno katika ndoto zetu. Mtunzi wa ridhaa aliyemaliza mwaka akiwa na watu watatu wa kumjibu daima, hata kama wawili kati yao ni wakorofi, amepata kitu ambacho kitabu hakimpi. Yule fundi hajawahi kuchapisha ubeti hata mmoja. Kidole chake kimo katika mashairi ya watu wasiopungua kumi ninaowajua, na hakuna ukurasa wowote unaolitaja jina lake, jambo ambalo nilipomwambia aliniuliza kama nina deni la kahawa au nimeshalipa.

Bado namdai mwalimu wa Kisauni jibu, au tuseme yeye ndiye ananidai. Nimekaa nalo kwa wiki mbili sasa, nikilichonga kila asubuhi kati ya kushuka kwenye matatu na kupanda feri, na wenzangu wa foleni wameshazoea kuniona nikijigonga pajani kwa kidole. Nina mishororo mitatu iliyokamilika, ambayo sitaionyesha hapa kwa kuwa ni haki yake kuisikia kwanza. Wa nne nimeupata ukwapi, "Tukutane barazani," mizani nane kamili, kisha nikakwama. Maana katika utao, ile nusu ya pili ya mshororo, lazima nimtajie baraza ipi, mahali ambapo mimi wa Likoni na yeye wa Kisauni tunaweza sote kufika baada ya kazi na kurudi makwetu kabla ya usiku kuwa mwingi, na hapo mahali, popote palipo, paishie kwa -ea.